Kubadilisha madirisha katika Bonde la Ruzizi: lipi linapunguza joto, na nani analipa

Kwenye barabara ya taifa namba 5, kutoka Uvira kupita Sange, Luberizi, Luvungi na Katogota hadi Kamanyola, watu wanajua jambo moja kuhusu nyumba: ikibaki bila mwenyewe, vitu vya kwanza kuondoka ni manjanja, mlango na dirisha. Familia inakimbia vita, inarudi baada ya miezi, inakuta kuta zimesimama na matundu matupu yanaangalia njia. Wengine hawakukimbia popote. Mchwa ndio waliokula mbao. Wengine tena wana mtoto ama ndugu ng'ambo aliyetuma dola na kusema, "Wekeni madirisha ya kisasa."

Wote hao wanafika mahali pamoja: mbele ya fundi, wakiwa na pesa kidogo, bila kujua wachague nini. Dirisha likichaguliwa vibaya, nyumba inakuwa tanuru mchana na chumba cha mbu usiku, na pesa imeshaenda. Ukurasa huu unaeleza namna dirisha linavyofanya kazi katika joto la bonde, aina zinazopatikana kwa mafundi wa hapa, na habari ya "punguzo la kodi" ambayo inasikika mingi kutoka kwa ndugu walioko Marekani.

Punguzo la Marekani: nani alilipata na nani hawezi kulipata

Wana wa Uvira, Fizi na Bonde la Ruzizi waliohamia Marekani kama wakimbizi ni wengi, na baadhi yao sasa wamenunua nyumba huko. Ndiyo maana habari ya kurudishiwa pesa za madirisha imefika mpaka huku. Habari yenyewe ni ya kweli, lakini ina mipaka.

Kwa sheria iliyopitishwa Agosti 2022, mwenye nyumba Marekani aliyeweka madirisha yanayobana nishati aliweza kupunguziwa kodi ya mapato kwa asilimia 30 ya bei ya madirisha hayo, bila kupita dola 600 kwa mwaka. Milango ya nje ilikuwa na kiwango chake: dola 250 kwa mlango mmoja, na dola 500 kwa milango yote. Madirisha yalitakiwa yawe ya daraja la juu kabisa la alama ya Energy Star. Kazi ya fundi wa kuyaweka haikuhesabiwa. Ilihesabiwa bei ya dirisha peke yake.

Kuna mambo manne ambayo mara nyingi hayasemwi kwenye simu:

Kwanza, punguzo hilo limekwisha. Sheria nyingine iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 ililifunga kwa kila kitu kilichowekwa baada ya tarehe 31 Desemba 2025. Aliyeweka madirisha yake ndani ya mwaka 2025 au kabla, na masharti mengine akayatimiza, ndiye mwenye haki ya kulidai, kwa fomu namba 5695 ya ofisi ya kodi, kwenye hesabu za mwaka ule alioyaweka.

Pili, halikuwa zawadi ya pesa mkononi. Lilipunguza kodi ambayo mtu alidaiwa. Aliyedaiwa dola 200 tu aliondolewa hizo 200, na zilizobaki hazikuhamishiwa mwaka unaofuata.

Tatu, lilikuwa la mwenye nyumba anayeishi ndani yake. Mpangaji, au mwenye nyumba anayeipangisha tu, hakuhusika na punguzo la madirisha.

Nne, na hili ndilo la kukumbuka hapa kwetu: nyumba ilitakiwa iwe ndani ya Marekani. Dola iliyotumwa Katogota kununua dirisha haikumpunguzia mtumaji kodi hata senti moja. Ndugu asidanganywe kwamba akipeleka risiti ya fundi wa Luvungi kwenye ofisi ya kodi kule atarudishiwa kitu.

Na huku Kongo? Leta haina punguzo la kodi kwa mtu anayeweka dirisha bora. Vioo, alumini na vyuma vinavyoingizwa kutoka nje vinatozwa ushuru wa forodha na ile TVA ya asilimia 16 iliyoanza tarehe 1 Januari 2012, na gharama hizo zinajificha ndani ya bei ya duka. Kodi ya viwanja na majengo nayo haishuki sababu dirisha ni zuri. Kwa hiyo mtu akipita vijijini akisema kuna mradi wa leta wa kurejesha pesa za madirisha, na anataka kwanza pesa ya kuandikisha jina, asipewe kitu. Apelekwe kwa shefu wa kijiji aeleze huko mbele ya watu.

Zamani kodi iliziba madirisha

Kodi na dirisha vimejuana tangu zamani, na mara nyingine kwa ubaya. Uingereza ilianza kutoza kodi ya madirisha mwaka 1696. Mkusanya kodi alihesabu madirisha ya nyumba, na yakizidi idadi fulani mwenye nyumba alilipa zaidi. Watu wakachukua matofali wakaziba madirisha yao wenyewe. Nyumba zikawa giza, hewa ikakosekana, na madaktari wakapiga kelele kwamba magonjwa yanaongezeka. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1851. Ufaransa nayo ilitoza kodi ya milango na madirisha kuanzia 1798 mpaka 1926.

Katika Bonde la Ruzizi hakuna anayehesabu madirisha ya mtu. Lakini ukipita usiku utaona kila dirisha limefungwa, na ndani watu sita au saba wanalala kwenye hewa moja. Kinachoyafunga ni woga: woga wa mwizi na woga wa mbu. Dirisha linalofaa hapa ni lile ambalo familia inaweza kuliacha wazi usiku kucha na kulala bila wasiwasi. Mengine yote yanafuata baada ya hilo.

Joto linaingia wapi

Kabla ya kununua dirisha, ni vizuri kujua kwamba dirisha si mwizi wa kwanza wa ubaridi wa nyumba. Wa kwanza ni paa. Manjanja yanapigwa na jua tangu asubuhi, yanashika moto, na yanaurusha chini kwa watu. Nyumba isiyo na plafoni itakuwa na joto hata ikiwa na madirisha ya bei kubwa kuliko yote ya Bukavu. Mwenye pesa ya kitu kimoja tu, kati ya plafoni na vioo, aanze na plafoni, hata ya mikeka au ya magunia yaliyofumwa vizuri, na aache matundu ya kutolea hewa ya moto iliyoko juu yake. Matundu hayo nayo yafunikwe wavu, popo na mbu wasiingie.

Dirisha linaleta joto kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni jua lenyewe kupenya kwenye kioo na kupiga sakafu, kitanda na ukuta wa ndani. Njia ya pili ni hewa ya moto ya nje kuingia. Madirisha ya Marekani yana karatasi yenye namba mbili zinazolingana na njia hizo. Namba moja, inayoitwa U, inaonyesha joto linavyopita kwenye dirisha kwa tofauti ya baridi na joto. Hiyo inawahusu zaidi watu wa nchi za theluji. Namba ya pili, SHGC, inaonyesha sehemu ya joto la jua inayoingia ndani. Inakwenda kutoka 0 mpaka 1. Kioo cha kawaida, chembamba, kisicho na rangi, kinapitisha zaidi ya 0.8, yaani karibu joto lote la jua. Kwa majimbo ya kusini mwa Marekani yenye joto kali, Energy Star inataka isizidi 0.23.

Vioo vya namna hiyo ni vigumu kuvipata Uvira, na bei yake haifanani na nyumba ya matofali ya udongo. Lakini kazi wanayoifanya inaweza kufanywa na kitu kingine: kivuli. Jua likizuiwa nje kabla halijagusa kioo, hata kioo cha kawaida hakina joto kubwa la kuingiza. Pazia la ndani linasaidia kidogo tu, sababu joto limeshapita kioo. Ubao, mkeka, mti au paa lililotoka nje vinazuia joto likiwa bado nje. Kioo cheusi nacho kinakunywa jua na kuwa cha moto chenyewe, na chumba kinapoteza mwanga. Kivuli cha nje kinafanya kazi vizuri zaidi kwa bei ndogo.

Jua la hapa linapita wapi

Katogota iko karibu digrii 3 kusini mwa ikweta. Maana yake ni kwamba saa sita ya mchana jua liko karibu juu ya kichwa mwaka mzima. Mwezi wa sita linaegemea kaskazini, mwezi wa kumi na mbili linaegemea kusini, lakini mara zote liko juu sana. Hii ni bahati kwa mjenzi. Paa likitoka nje ya ukuta kwa sentimita 60, kivuli chake saa sita kinashuka zaidi ya mita 1 kwenye ukuta wa kaskazini mwezi wa sita, na zaidi ya mita 1.5 kwenye ukuta wa kusini mwezi wa kumi na mbili. Dirisha lililo chini ya paa la namna hiyo linakaa kivulini wakati jua ni kali kuliko saa zote.

Shida ni mashariki na magharibi. Asubuhi na alasiri jua liko chini, linaingia moja kwa moja, na paa haliwezi kulizuia. La alasiri ndilo baya zaidi, sababu linakuta nyumba imeshapata joto la siku nzima. Huko Uvira mjini milima inasimama karibu na inalificha jua mapema kidogo. Katikati ya bonde hakuna msaada huo.

Basi mpangilio ni huu:

Upande wa kaskazini na wa kusini: hapa ndipo pa madirisha makubwa. Wakati wa kiangazi upepo unaotoka kusini, upande wa ziwa, unapanda bonde, na dirisha la kusini linaupokea.

Upande wa mashariki: dirisha la kadiri, lenye mlango wa mbao wa kufunga asubuhi jua likipiga.

Upande wa magharibi: dirisha dogo, juu ukutani, lenye kifuniko cha mbao. Usiku hewa baridi inashuka kutoka milimani na kupita hapo. Mchana kifuniko kinabaki kimefungwa. Kama nafasi ipo, mti upandwe mbele ya ukuta huo. Mwembe ama mparachichi unatia kivuli na unalisha watoto, mradi usiwe karibu kiasi cha mizizi kusumbua msingi.

Nyumba iliyokwisha kujengwa haigeuzwi. Lakini anayebadilisha madirisha anaweza kupunguza lile la magharibi na kuongeza la kusini, kwa bei ileile ya kazi.

Aina zinazopatikana na tabia zake

Dirisha la mbao. Linatengenezwa na minizie wa kijiji. Likiwa wazi, tundu lote liko wazi. Likifungwa, jua na mwizi wote wanabaki nje. Ubaya wake ni giza: likifungwa mchana, mtoto hawezi kusoma. Dawa yake ni kuweka mbao za kulala kwa mshazari, zile za persienne, ili hewa na mwanga kidogo vipite. Mbao za libuyu zinadumu kuliko mkaratusi usiokauka, unaopinda baada ya mvua mbili. Mchwa wanazuiwa kwa kupaka mafuta machafu ya gari au rangi kwenye kingo zote kabla fremu haijaingia ukutani, maana baadaye brashi haifiki.

Dirisha la chuma na kioo. Ni kazi ya sudere. Lina nguvu, na antivoli inachomelewa humohumo. Chuma kikiachwa kwenye jua kinashika moto, na kisipopakwa rangi ya kuzuia kutu kinaliwa kuanzia chini, pale maji yanapokaa. Mwenye nyumba aombe vipande vyote vya dirisha vifunguke. Mafundi wengi wanatengeneza vipande vinne ambapo kimoja tu kinafunguka, na hivyo kununua dirisha kubwa ni kununua joto.

Nako. Ni zile vioo nyembamba za kulala zinazogeuzwa kwa mkono. Karibu tundu lote linapitisha hewa hata mvua ikinyesha kidogo, na kioo kimoja kikivunjika kinabadilishwa hicho tu. Ubaya: mwizi anaweza kuvichomoa kimyakimya, kwa hiyo antivoli ni lazima. Vumbi la barabara nalo linaingia, na nyumba iliyo karibu na njia inahitaji ua wa miti.

Alumini ya kusukuma. Ndiyo inayoitwa "ya kisasa". Inapendeza, haishiki kutu kama chuma, mchwa hawaitaki. Lakini kipande kimoja kinajificha nyuma ya kingine, kwa hiyo haifunguki zaidi ya nusu. Dirisha la mita 1 kwa mita 1.20 linatoa nafasi ya hewa ya mita za mraba 0.6 tu, wakati la mbao la ukubwa huohuo linatoa 1.2. Anayelinganisha bei alinganishe kwa kile kinachofunguka. Kwa bei sawa, alumini ya kusukuma imeuza nusu tu ya hewa.

Klostra. Ni matofali yenye matundu, ya simenti au ya udongo wa kuchoma. Hayafungwi wala hayaibiwi. Yanafaa kabisa jikoni, chooni, na juu ya madirisha karibu na paa, ambapo hewa ya moto inatokea. Yafunikwe wavu upande wa ndani.

Karatasi ya bati iliyopigwa misumari kwenye fremu inaonekana mingi kwa waliorudi kutoka ukimbizini. Ni msaada wa haraka, haina lawama. Ila kwa ukuta wa magharibi inageuka jiko. Ibadilishwe kwanza hiyo, au ifunikwe mkeka kwa nje.

Ukubwa, na njia ya upepo

Kipimo kinachotumiwa katika kanuni nyingi za ujenzi ni dirisha lisilopungua sehemu moja ya kumi ya sakafu, na nusu yake iweze kufunguka. Katika joto la bonde, afadhali lote lifunguke. Chumba cha mita 3 kwa mita 4 kina mita za mraba 12, kwa hiyo kinahitaji madirisha ya mita za mraba 1.2: kwa mfano mawili ya sentimita 60 kwa mita 1.

Na mawili ni bora kuliko moja kubwa. Upepo hauingii mahali ambapo hauna pa kutokea. Dirisha moja likiwa kwenye ukuta mmoja na lingine kwenye ukuta unaotazamana nao, hewa inavuka chumba. Chumba chenye ukuta mmoja tu wa nje kipate tundu la chini na tundu la juu: hewa ya baridi inaingia chini, ya moto inatoka juu.

Kuna na saa zake. Nyumba yenye kuta nene za matofali ya udongo inafunguliwa usiku kucha, kuta zinapoa, kisha mchana wa jua kali madirisha yanayopigwa na jua yanafungwa. Nyumba ya mbao au ya bati haina ubaridi wa kuhifadhi. Hiyo ibaki wazi mchana na usiku.

Usiku: mbu, mwizi na moto

Usiku ndio saa ambayo hewa baridi inapatikana bure, bila umeme wa SNEL, bila feni, bila paneli ya jua. Ndiyo saa pia ambayo mbu wa malaria anauma, hasa usiku wa manane. Kwa hiyo wavu unahesabiwa ndani ya bei ya dirisha tangu mwanzo. Tundu la wavu lisizidi milimita 1.5. Ufungwe kwenye fremu yake ndogo inayotoka, ili uoshwe, maana wavu uliojaa vumbi unazuia hewa kuliko mbu. Wavu wowote unapunguza upepo. Ndiyo sababu nyingine ya kutaka dirisha linalofunguka lote.

Wavu wa dirisha peke yake hautoshi kama kuna nafasi kati ya ukuta na paa, sababu mbu wa malaria anapenda kuingia kwa juu. Utafiti uliofanyika Gambia na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba nyumba zilizowekewa nyavu kwenye madirisha na milango na kuzibwa pale juu zilipata mbu wachache zaidi, na watoto wao walipungukiwa damu kwa kiwango kidogo kuliko wengine. Chandarua cha kitandani, ile mustikere inayogawiwa na vituo vya afya, kinabaki kitandani. Kipya kisikatwe kuwa pazia la dirisha.

Kwa mwizi, antivoli ndiyo inayoruhusu dirisha kubaki wazi. Vyuma viachane kwa sentimita 10 hadi 12, vishikwe ndani ya ukuta, si kwa misumari juu ya fremu. Katika ukuta wa udongo, mikono ya antivoli iingie ndani na ikandikwe kwa simenti.

Lakini antivoli inaweza kuua. Nyumba ikishika moto, na mlango ndio unaowaka, watu wanabaki ndani kama kuku. Kila chumba cha kulala kisicho na mlango wa nje kiwe na antivoli moja inayofunguka kwa ndani kwa kufuli, na ufunguo utundikwe mahali ambapo hata mtoto anaujua lakini mkono wa nje haufiki.

Jambo la mwisho la usiku ni jiko la makala. Mvua ikinyesha watu wanaingiza jiko chumbani na kufunga kila kitu. Moshi wa makala usioonekana hauna harufu na unaua watu wakiwa usingizini. Jiko linalowaka halilali chumbani. Na jiko la ndani, hata la mchana, linataka dirisha wazi na tundu la kutolea moshi juu.

Mbele ya fundi

Kabla ya kutoa pesa ya mwanzo, mwenye nyumba afanye haya:

Apime tundu mara tatu kwa upana na mara tatu kwa urefu, achukue kipimo kidogo. Kuta za udongo hazinyooki.

Asipanue tundu bila kuangalia linto, yaani ule mti au zege linalobeba ukuta juu ya dirisha. Linto ipite tundu kwa sentimita 20 au zaidi kila upande. Bonde hili ni sehemu ya Bonde la Ufa, na ardhi yake hutetemeka.

Achukue karatasi ya bei kwa mafundi wawili, yenye vipimo vilevile: unene wa kioo, aina ya mbao au chuma, wavu, antivoli, rangi, na kazi ya kuweka. Bei isiyotaja wavu si bei ya dirisha zima.

Aulize: "Likiwa wazi, linafunguka kiasi gani?" Fundi anayejua kazi atajibu mara moja.

Ahakikishe sehemu ya chini ya dirisha inateremkia nje, maji ya mvua yasirudi ukutani.

Kama pesa inatoka kwa ndugu ng'ambo, apelekewe picha ya karatasi hizo mbili za bei kabla ya kutuma, na picha ya dirisha likiwa limefunguliwa baada ya kazi. Hiyo inalinda pesa na inalinda undugu.

Pesa ikiwa kidogo

Si lazima nyumba nzima ibadilishwe siku moja. Wavu na kuziba pale juu ya ukuta ndiyo kazi ya kwanza, kwenye chumba wanacholala watoto na mama mjamzito. Ya pili ni kivuli kwa dirisha la magharibi: mkeka leo, mti kwa miaka ijayo. Ya tatu ni plafoni. Ya nne ni antivoli kwa chumba kimoja, ili angalau dirisha moja lilale wazi. Dirisha jipya lenyewe ni la tano, na kioo ni cha mwisho kabisa.

Anayefuata mpangilio huo hatapata karatasi ya kurudishiwa kodi. Atapata usiku wa kulala bila jasho, mtoto asiyepelekwa kituo cha afya kila mwezi kwa malaria, na mwanga wa kusomea hadi jua linapozama.